Uyoga wa Ugenini

Sisi watu wa Dzūkija tuna mchanga na misonobari. Mchanga hauoteshi kitu cha maana. Viazi vyetu ni vidogo na ng'ombe wetu wamekonda. Lakini uyoga! Mvua ya Agosti ikishanyesha, hata mtoto mdogo anatoka na kapu na kurudi limejaa. Watu wa mji mkuu, Vilnius, wanakuja na magari yao mazuri kununua kwetu kando ya barabara. Kwa uyoga hatumwinamii mtu.

Katika kijiji chetu hakuna anayemshinda Vilma, jirani yangu. Vilma huamka kabla ya jogoo. Ana sehemu zake msituni ambazo hamwambii mtu, hata mumewe. Mumewe, Algis, hutania na kusema, "Mke wangu ana siri mia, na zote zimeota kofia."

Vilma na Algis wana mtoto mmoja, Liepa. Liepa alisoma kwa bidii akaingia chuo kikuu kujifunza ujenzi wa madaraja. Kisha chuo kikampeleka Norwe, katika mji wa Trondheim, asome huko mwaka mzima. Hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyewahi kusoma nchi nyingine. Vilma alitangaza kanisani. Alitangaza dukani. Alimtangazia hata dereva wa lori la maziwa, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

Liepa alituma picha. Siku za mapumziko alipanda treni na wenzake hadi Stockholm, na safari nyingine wakafika Kopenhageni. Vilma alizipitisha picha hizo nyumba kwa nyumba. "Hilo daraja mnaliona?" alituuliza. "Mwanangu atajenga refu kuliko hilo."

Vuli ilipofika, Vilma alimfuata kwenda kumsalimia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kisu chake cha uyoga alikitia ndani ya sanduku kubwa, kimefungwa kwenye soksi ya Algis.

Liepa aliishi katika jengo la wanafunzi. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, lakini jiko lilikuwa moja. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali. Kila Jumapili jioni mmoja wao aliwapikia wengine chakula cha kwao. Iker, kijana wa Kibaski kutoka Hispania, alikuwa amewapikia samaki, na sifa zake hazikuisha. Sasa zamu ilikuwa ya Liepa.

"Utawapikia nini?" Vilma aliuliza.

"Sijui, mama. Naona aibu. Mwenzangu kapika samaki mpaka watu wakalamba sahani. Mimi nitoe viazi?"

"Aibu? Mtoto wa Dzūkija, na msitu ule pale nauona dirishani? Kesho tunaokota uyoga. Nitawapikia supu wasahau majina ya mama zao."

Asubuhi walipanda tramu mpaka kituo cha mwisho, msitu unapoanzia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Vilma alivuta hewa, akacheka peke yake. Alikuwa nyumbani. Au ndivyo alivyodhani. Wahenga walisema mgeni ni kipofu japo ana macho.

Waliokota mpaka adhuhuri. Vilma aliinama, akakata shina juu kidogo ya ardhi, akatupia kapuni, akasogea. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na ndivyo sote tunavyofanya. Ukikata, mizizi inabaki salama na kapu halijai udongo. Chini ya misonobari alipata uyoga wa rangi ya kahawia, mwingi.

"Gudukas!" alipiga kelele. "Liepa, njoo uone! Gudukas wachanga!"

Gudukas ni uyoga tunaoupenda sana kwetu. Tunauchemsha, tunamwaga maji, kisha tunaukaanga na vitunguu. Liepa aliutazama.

"Mbona hawa wana ncha juu? Wa kwetu wana kofia ya mviringo."

"Wa huku wamelala kwenye baridi. Na wewe ukilala nje utatoa ncha. Okota, mwanangu."

Walirudi kituoni na kapu limefurika. Hapo kando ya njia palikuwa na meza. Nyuma yake alisimama mama mmoja mnene, mwenye kofia nyekundu na sauti ya kuita mifugo. Jina lake Torhild. Alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, na vuli yote alikagua uyoga wa watu usiwe na sumu, bure. Watu walijipanga na makapu yao. Wazee waliokota tangu utotoni, na bado walijipanga.

"Mama, tupite pale kwanza," Liepa alisema.

Vilma alisimama. "Kufanya nini?"

"Watukagulie."

"Nikaguliwe mimi? Uyoga wangu umekuwa mzigo wa forodha?"

"Wenyeji wenyewe wanakaguliwa, mama."

"Kwa sababu hawajui! Mimi nimeokota tangu sijaota meno ya utu uzima. Umeona nimemlisha nani akafa? Wewe mwenyewe si umekulia uyoga wangu? Twende, tramu hiyo inakuja."

Tramu ilikuwa inakuja kweli. Liepa alitetemeka. Kwetu mtoto hamkatalii mama yake kuhusu uyoga. Afadhali umwambie padri kwamba hajui kusali. Lakini Liepa aliwafikiria Iker na wenzake wote, vijiko mkononi, wakimwamini.

"Mama," alisema, "wakila leo, wanakula kwa jina langu. Huu si msitu wetu. Mimi siupiki mpaka yule mama auone."

Akachukua kapu mkononi mwa mama yake, akaenda kujipanga. Tramu ikaondoka. Vilma alibaki nyuma, uso umemwiva. Kisha akamfuata, maana kapu ni lake.

Torhild alimwaga uyoga mezani. Alianza vizuri. "Huu safi. Huu safi. Oho, huu mtamu sana." Vilma, aliyekuwa haelewi maneno, alielewa uso, akaanza kuvimba kichwa. Kisha mikono ya Torhild ikasimama. Aliinua uyoga mmoja wa kahawia, akaupindua, akaunusa. Akainua wa pili. Wa tatu.

"Nani kaokota huu?"

"Mama yangu," Liepa alisema. "Kwetu upo."

"Mwulize, alipanga kuupika lini?"

"Leo jioni."

Torhild alivua miwani. "Mwambie huu unaua. Unaua figo. Na vipande vyake vimechanganyika na mwingine wote. Kapu zima linatupwa."

Liepa alimgeukia mama yake, akayasema hayo kwa upole alivyoweza. Vilma hakuwa mpole.

"Mwambie huyo mama akakague ng'ombe! Hao ni gudukas! Nimewajua kabla yeye hajang'oa jino la kwanza la mtu!"

"Anasema kwetu unafanana sana na uyoga mwingine," Liepa akatafsiri.

Torhild alicheka kwa sauti. "Amesema maneno makali kuliko hayo. Nimemwona. Hata mimi ningekasirika. Mlete hapa karibu."

Akachukua uyoga mmoja na kisu kidogo. Alizungumza taratibu, na Liepa akatafsiri neno kwa neno.

"Gudukas wenu namjua. Hata huku yupo. Ana pete shingoni na vumbi jeupe juu ya kofia, kama unga. Huyu ana pete?"

Vilma aliangalia. "Pete hudondoka akizeeka."

"Huyu si mzee. Hana pete wala unga. Ana ncha. Angalia chini ya kofia, rangi ya kutu. Na shina lake lina mikanda ya manjano. Lakini mikanda iko chini, na wewe shina umeliacha msituni. Ndiyo maana sisi hatukati uyoga tusioujua vizuri. Tunaung'oa mzima, mpaka mwisho wake, ili tuone kila kitu."

Vilma aliinama akautazama ule uyoga. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa na makali tena. "Mwulize, je, nikiuchemsha mara mbili na kumwaga maji?"

"Sumu haitoki. Uchemshe mara kumi. Uukaushe, uugandishe, sumu ipo palepale."

"Nikiuchemsha na kitunguu? Kitunguu kikigeuka cheusi, tunajua una sumu. Au kijiko cha fedha."

"Kitunguu kitabaki cheupe," Torhild alisema. "Kijiko chako kitang'aa kama kawaida. Na figo zitakufa."

"Lakini mtu si ataumwa tumbo, atapike, akimbizwe hospitali?"

"Hapo ndipo huyu ni mbaya. Siku ya kwanza unalala salama. Unaamka, unasifia supu. Zinaweza kupita siku tatu, zinaweza kupita wiki mbili. Ndipo unasikia kiu isiyoisha, mgongo unauma, mkojo unakataa. Wakati huo hakuna anayekumbuka supu. Ndiyo maana ukila usichokijua, usingoje kuumwa. Nenda hospitali siku ileile, na mabaki ya chakula uende nayo."

Vilma aliketi kwenye benchi la kituo. Alikuwa amepanga kurudi nyumbani Jumatano. Angekuwa jikoni kwake anasimulia jinsi supu ilivyopendwa, na huku Liepa anazimika. Yeye pia. Na wale vijana wote.

Torhild alilimwaga kapu zima kwenye pipa. Vilma aliangalia mpaka uyoga wa mwisho. Alilia kidogo, kisha akapangusa uso kwa mkono wa sweta, akarudi mezani.

"Mwambie anionyeshe tena. Nishike mwenyewe."

Alikaa pale mpaka meza inafungwa. Kila kapu lililokuja, aliomba atazame. Alijua mwingi kabla ya kuambiwa, na Torhild alimpiga bega kwa furaha. Ule asioujua, aliuliza. Wa kwanza wenye sumu alioutambua mwenyewe, aliunyooshea kidole kama mtu aliyemwona mwizi wa kuku wake.

Jioni walipika chapati za viazi na malai chachu. Vilma alikuna viazi mpaka mikono ikamuuma. Wanafunzi walijaa mezani. Iker alitazama huku na huku.

"Na uyoga uko wapi? Liepa, tangu jana umetuahidi uyoga."

"Hatukupata," Liepa alisema haraka. Hakutaka kumwaibisha mama yake.

Vilma alielewa. Aliweka chini sahani, akasimama. "Usiwadanganye wageni. Tafsiri, na usipunguze neno. Waambie tulipata kapu zima. Waambie nusu yake ilikuwa sumu, na mimi, Vilma, muokotaji wa kwanza kijijini kwetu, ndiye niliyeokota. Waambie nilikataa kukaguliwa. Waambie binti yangu alininyang'anya kapu mbele za watu, akaenda nalo mezani."

Liepa alitafsiri. Mwanafunzi mmoja aliweka uma wake chini taratibu.

Vilma aliendelea. Alisema maneno mengi, mkono wake umeshika bega la Liepa. Alisema kwamba alimpeleka mtoto shule ili ajenge madaraja, hakujua kwamba anamlea mtu wa kumwokoa. Alisema alipomwona anatetemeka na bado anakataa, alikasirika, lakini sasa moyo wake umejaa mpaka unamwuma. Alisema hata kama Liepa asingejenga daraja hata moja, yeye angetembea kijijini kichwa juu mpaka kaburini.

Liepa alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Anasema asanteni kwa kuja," alisema.

Iker aligonga meza. "Wewe! Mama kaongea dakika nzima, na wewe umetupa maneno manne? Sema yote!"

"Sema yote!" wenzake wakadakia, wakigonga meza pamoja naye.

Ikabidi aseme yote. Alisema akitazama sahani, machozi yanamdondokea kwenye chapati. Walipiga makofi mpaka mwanafunzi wa ghorofa ya juu akaja kuuliza kuna nini, na yeye akapewa chapati.

Liepa alitumia vuli yote akimsaidia Torhild pale mezani kila alipokuwa hana masomo. Mwaka wake ulipoisha, alirudi akiwa na vitabu vya madaraja na akili mpya ya uyoga. Sasa kila Jumamosi ya Agosti, yeye na Vilma wanaweka meza mbele ya duka la kijiji chetu. Mwanzoni watu waliwacheka. Vilma alijibu, "Chekeni huku mmejipanga." Tukajipanga.

Siku hizi tunang'oa uyoga mzima tusipokuwa na uhakika. Tusioujua tunauweka kwenye kapu la pembeni. Hakuna tena anayetegemea kijiko wala kitunguu. Bibi Bronė, mama yake Vilma, ndiye aliyegoma kwa muda mrefu, lakini na yeye mwaka huu alileta kapu, akasema ameleta tu wasalimiane nalo.

Mwezi uliopita nilileta langu. Nilikuwa nimeokota tangu alfajiri, na wageni wangu walikuwa njiani kutoka Kaunas. Vilma aliona vipande viwili ambavyo hakuvijua, vimevunjikia katikati ya mwingine. Alimwangalia Liepa. Liepa akatikisa kichwa. Wakalimwaga lote pipani, mimi nikiwa nimesimama.

"Lakini hamjui kama una sumu!" nilifoka.

"Hatuujui," Vilma alisema. "Basi, inatosha."

Nilinuna wiki nzima, na wageni walikula viazi. Lakini walirudi kwao Kaunas wazima, na juzi wamepiga simu kuuliza waje tena lini.