Maneno ya Mgeni wa Chumba Namba Sita

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Wembe alitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni ambako mama yake alikuwa dobi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka mkoba chini ya meza ya kupigia pasi, akanawa mikono, kisha wakakunja mashuka pamoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, wanavuta, wanakutana katikati. Jina la Wembe alipewa na wanafunzi wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya akili zake, naye alilipenda kuliko jina la nyumbani.

Mama yake alikuwa mtu wa wasiwasi. "Umekula? Barabara umevuka na wenzako? Mwalimu amesemaje?" Na kabla hajajibiwa: "Usizurure huko kwenye vyumba. Wageni wana mambo yao. Mimi humu nimeaminiwa funguo, mwanangu, funguo za vyumba vyote kumi na viwili."

"Ndiyo, mama. Jana uliniambia."

"Na kesho nitakwambia."

Wiki hiyo mwalimu wa Kiingereza aliingia darasani na rundo la insha, akaliweka mezani kwa kishindo. Wanafunzi walikuwa wamekariri orodha yote ya vihusishi iliyo nyuma ya kitabu, wakaiimba kama kwaya. Lakini walipoandika insha, walichanganya kila kitu.

"Kuimba mnaimba vizuri, lakini insha zenu zimenitoa jasho," alisema mwalimu. "Kitenzi 'wait' kinafuatana na 'for'. 'Depend' kinafuatana na 'on'. Nomino nazo zina wenzao: 'reason' huenda na 'for', 'interest' huenda na 'in'. Msiniulize kwa nini, ndivyo wenyewe wanavyosema. Dawa yake ni kuwasikia watu wakizungumza wakiwa kazini. Kuanzia leo, kila mmoja awe na daftari la kusikia. Kila siku sentensi mbili, mlizozisikia kwa masikio yenu. Pembeni andikeni kwa Kiswahili nani kasema, na wapi."

Msichana mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa na homa, alinyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi ambao mtaani kwetu Kiingereza hakipiti?"

Darasa likaangua kicheko. "Kinapita," mwalimu akajibu. "Kipo dukani, kipo zahanati. Kitafute. Wembe yeye ana bahati, anashinda na wageni."

Wote wakageuka kumtazama Wembe. Naye akainua kidevu.

Siku ya kwanza alisimama karibu na baraza. Mgeni wa chumba namba sita, fundi wa pampu za maji aliyetoka nchi nyingine, alikuwa akizungumza Kiingereza na wenzake kwa simu. Maneno yalikwenda mbio mno. Wembe akaambulia nusu sentensi. Siku ya pili hakupata hata hiyo nusu. Angeweza kumwendea mgeni na kumwomba aseme polepole, lakini aliona haya. Wembe mzima aseme hajaelewa?

Kwenye rafu ya chumba cha kufulia kulikuwa na kitabu chakavu kisicho na jalada, kilichosahauliwa na mgeni wa zamani. Kilikuwa na hadithi ya mwizi wa vito na askari waliomwinda. Humo Kiingereza kilikuwa kimetulia, sentensi zimejipanga. Wembe akanakili: "He was accused of theft." Maana yake, alishtakiwa kwa wizi. Akaongeza: "He is hiding from the police." Anajificha, polisi wasimwone. Pembeni akaandika: Mgeni wa chumba namba sita, barazani.

Nani atauliza? alijisemea.

Wiki mbili zilipokwisha alikuwa na sentensi ishirini na nane, zote kaziandika kuwa za yule mgeni. Mwalimu alikuwa na madaftari hamsini ya kusahihisha, na macho yake yalikuwa kwenye vihusishi tu. "Hakuna hata kimoja kilichopotea njia!" akasema, akalitundika daftari la Wembe kwenye msumari kando ya ubao ili wote walisome.

Wakati wa mapumziko Redio alilisoma, kisha akaja mbio na macho yamemtoka. "Wee Wembe! Kumbe mgeni wenu ni mwizi?"

Hapo angeweza kusema ukweli, na mambo yangeishia hapo. Lakini Wembe aliinua mabega. "Mimi sijui. Nimeandika nilichosikia."

Baba yake Redio alikuwa mlinzi wa geti la nyumba ileile ya wageni. Jioni hiyo alihadithiwa yote, na zaidi ya yote.

Kesho yake mlinzi alimfungua mgeni mkoba alipokuwa anatoka. Siku iliyofuata alimwaga chini sanduku lake la vifaa na kukagua spana mojamoja. Siku ya tatu mgeni alikataa, akaenda ofisini kwa meneja. Punde mama yake Wembe akaitwa. Wembe alimfuata, akasimama mlangoni.

"Dada," alisema meneja, "mlinzi anasema habari imetoka kwa binti yako. Eti imetundikwa shuleni kwamba mgeni wangu anatafutwa na polisi. Anayeingia vyumbani kubadilisha mashuka ni wewe. Nani mwingine amemwambia mtoto?"

"Meneja, mimi Kiingereza sikijui. Nilimaliza la saba nikaingia kazini. Hata mtu akinitukana kwa Kiingereza nitamwambia asante."

Meneja akatikisa kichwa.

"Mgeni akihama leo, kesho watahama wengine. Weka funguo mezani. Usije kazini mpaka nikuite."

Mama alitoa funguo mfukoni mwa aproni. Akazihesabu mezani, zote kumi na mbili. Wembe akaingia ndani, akasimama kando ya mama.

"Si mama!" akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Mama hakusema kitu. Hata mgeni hakusema. Ni mimi. Nimenakili kitabuni nikaandika kwamba kasema yeye."

Alikimbia hadi chumba cha kufulia, akarudi na kile kitabu, akasoma zile sentensi ukurasa kwa ukurasa huku machozi yakimshuka. Mgeni alikichukua, akakipekua. Alizungumza Kiswahili cha kuhesabu maneno. "Mimi? Mwizi wa vito? Siku tatu mlinzi ananihesabia spana, kumbe ni kwa sababu ya kitabu?" Akamgeukia meneja. "Huyu mama hana kosa. Sihami."

Meneja alizisukuma funguo upande wa mama. "Samahani, dada. Nilikimbilia kukuhukumu. Mlinzi nitazungumza naye. Lakini wewe, binti, ulikochafulia ndiko utakakosafisha."

Asubuhi Wembe alisimama mbele ya darasa, mama yake kando, akaeleza yote bila kupunguza. "Wembe butu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, akalishusha daftari. "Alama sifuri. Nami nina kosa langu: nilikagua vihusishi, sikusoma habari. Anza upya."

Alasiri Wembe alikwenda barazani. "Shikamoo. Nisamehe kwa yote. Naomba unisemee sentensi mbili polepole, na naomba ruhusa ya kuziandika."

Mgeni alimtazama, kisha akavuta kiti. "I am responsible for six pumps," alisema taratibu. "We are short of pipes." Wembe akauliza maana, akaambiwa ana dhamana ya pampu sita na kwamba mabomba yamewapungukia; akauliza tena, akaandika. Alipokosea, mgeni alirudia. Wiki ilipokwisha alikuwa na sentensi kumi tu.

Jioni moja nyumbani, mama alimketisha. "Daftari tupu lingekupa aibu ya asubuhi moja, ikaisha. Lakini ulitia maneno kinywani mwa mtu asiyeyasema, akapekuliwa kama mwizi, na mimi nikaweka funguo mezani. Usipojua, sema sijui. Ukichota kitabuni, andika ni kitabuni. Mtu mwenye akili haogopi kuuliza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya, lete hilo daftari."

Kiingereza hakukijua, lakini safu ya pembeni ilikuwa ya Kiswahili. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Huyu ni nani? Alisemea wapi?" Wembe akajibu. Kidole kikashuka hadi wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi, na kila mara Wembe alijibu papo hapo, bila kuangalia pembeni.

Mama akalifunga daftari. "Sasa hapa," alisema, "hata meneja akiniita, nitakwenda natembea, bila wasiwasi."