Kiti Kilichojifunza Kusema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana aliyeitwa Redio alimpa mama yake habari za dunia. Hakuzisoma kwa macho, maana alizaliwa haoni. Alizisikiliza huku akifunga viatu, kisha akazirudia kwa maneno yake mwenyewe na kuzitia chumvi kidogo. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alicheka bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. Jina la Redio alibandikwa na wanafunzi wenzake, waliosema kwamba mdomo wake haukuwekewa kitufe cha kuzimia. Naye alilipenda.

Asubuhi moja habari kubwa ilitoka kwa mjomba, mdogo wake mama, aliyeishi nao katika chumba cha uani. Mjomba alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika shirika la ndege. Kwa muda mrefu alikuwa akitengeneza skrini mpya za kuwekwa mgongoni mwa viti vya ndege, ili abiria atazame filamu, asikilize muziki au acheze michezo mpaka ndege itue. Sasa kazi ilikuwa imeiva. Jumamosi shirika lingealika watu wa kila aina waje kuzijaribu, na mjomba alitaka Redio aende na rafiki yake wa shuleni. Rafiki huyo alikuwa msichana kiziwi, na wenzake walimwita Bingwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumfunga katika mchezo wa drafti.

"Mambo yakienda vizuri, dada, tutapanda wote safari ya kwanza ya viti hivyo," mjomba alimwambia mama. "Shirika limeniahidi. Utakwenda kumwona mjukuu wako."

Cherehani ikanyamaza. Dada mkubwa wa Redio alikuwa amejifungua katika mji wa mbali, na mama alikuwa bado hajambeba mtoto huyo hata mara moja. Siku hiyo nzima mama alishona huku akiimba.

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa shirika ulinukia zulia jipya na gundi. Viti vilipangwa kwa safu, kama ndani ya ndege yenyewe. Redio aliketi na Bingwa ubavuni pake. Wawili hao walikuwa na namna yao ya kuzungumza: Redio alisema kwa ishara za mikono, na Bingwa akamjibu kwa kumwandikia herufi kiganjani kwa ncha ya kidole. Bingwa aliandika haraka mno, hata mara nyingine Redio alitekenyeka akacheka kabla neno halijaisha.

Redio alinyoosha mkono akaigusa skrini. Ilikuwa laini kama sahani iliyooshwa. Hakukuta kitufe, wala mfuo, wala nundu. Alibonyeza mahali, ukapigwa muziki kwenye hedifoni aliyovaa. Akabonyeza pengine, mlio wa gari ukamshtua. Mhudumu mmoja alimwona akihangaika, akaja na kumchagulia filamu. Alikuwa mwema, lakini hakumuuliza anataka ipi. Filamu ikaanza kwa wimbo na maongezi, zikafuata nyayo za mtu, kisha kimya kirefu. Katika kimya kile watu wa viti vya jirani, waliokuwa wakitazama filamu hiyohiyo, waliangua kicheko, na Redio hakujua wanachekea nini.

Akamuuliza Bingwa kwa mikono. Bingwa akamwandikia kiganjani: "Tangu mwanzo naona midomo inacheza tu. Hakuna maandishi chini. Sijui wanasema nini."

Wakati huo afisa wa matangazo alifika na kamera yake. Aliwaona watoto wale wawili na akafurahi sana. Alimwomba Redio atabasamu, aweke kidole kwenye skrini, na aseme maneno machache tu: kwamba kiti hiki ni cha kila mtu. Mkurugenzi wa shirika, mama mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama hapo pamoja na wageni wake. Mjomba naye alikuwepo. Redio alimtambua kwa namna alivyochezesha funguo mfukoni kila alipokuwa na wasiwasi.

Redio aliweka kidole kwenye skrini. Alimfikiria mama na nyimbo zake. Alifikiria jinsi mjomba alivyokuwa akirudi nyumbani amechoka, akasinzia na sahani mkononi. Neno moja tu, na wote wangefurahi. Lakini Redio alikiondoa kidole kwenye skrini.

"Samahani, siwezi kusema hivyo," alisema. "Filamu hii sikuichagua mimi. Nimechaguliwa. Na rafiki yangu haelewi hata neno moja."

Funguo zikaacha kulia. Afisa wa matangazo alicheka kicheko kikavu, akasema watoto wana utani. Mjomba aliinama karibu na sikio la Redio.

"Mpwa wangu, si ungesema tu, halafu tukarekebisha baadaye?"

"Mkishasifiwa, mjomba, nani atakumbuka kurekebisha?"

Mjomba aliinuka. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya. Aliomba kiti cha Redio, akaketi, akatoa leso na kujifunga macho. Alimwambia mkurugenzi kwamba skrini hii ameitengeneza yeye mwenyewe na anaijua kona zote, basi atafungua filamu bila kuona. Alibonyeza, taa ya kusomea ikawaka usoni pake. Alibonyeza tena, ikaja katuni yenye kelele. Mara ya tatu kengele ya kumwita mhudumu ikalia, na yule mhudumu mwema akaja mbio kumuuliza bwana anataka nini. Wageni walicheka. Mjomba hakucheka. Alivua leso polepole na kusema, "Mtoto amesema kweli. Kazi yangu haijaisha."

Mkurugenzi hakumkasirikia. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, na afadhali ugonjwa huu umeonekana ukumbini kuliko angani. Akaahirisha safari ya kwanza mpaka viti vitakapofaa.

Hata hivyo, nyumbani jioni ile mama alishona bila kuimba. Redio alijua amemvunja mama moyo, na alijilaza na mzigo kifuani. Kulipokucha, mjomba aligonga mlango wao akiwa na kompyuta kwapani.

"Nifundishe," alimwambia Redio.

Mama alimwahi Redio kabla hajaanza kuomba radhi. Alimwambia kwamba mjukuu hakimbii, tena akizidi kunenepa ndivyo atakavyopendeza kumbeba. Kisha akawasukumia kiti.

Tangu hapo, kila walipotoka shule, Redio na Bingwa walikwenda kwenye chumba cha kazi cha mjomba. Haikuwa kazi nyepesi. Kwanza mjomba aliipa skrini sauti ya kusoma kila kinachoandikwa juu yake. Sauti yenyewe ilisoma kwa haraka mno, hata Redio akasema inazungumza kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mjomba akaipunguza. Siku iliyofuata ikawa inasinzia. Siku nyingine ilikataa kuingia kwenye hedifoni, ikapiga kelele chumba kizima, na wafanyakazi wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza nani anagombana. Mjomba alitamani kuacha, lakini Redio alikuwa ameshavaa hedifoni akisubiri jaribio jingine.

Kwa kuwa kioo laini hakishikiki kwa kupapasa, walitengeneza pia rimoti yenye vitufe vilivyoinuka, kila kimoja na alama yake ya nukta nundu. Zikafuata filamu. Pale ambapo wahusika walikaa kimya, msimulizi alieleza kinachoonekana. Mjomba aliandika maelezo, na Redio akayachambua bila huruma.

"Umeandika kwamba anatembea," alisema. "Anatembea vipi? Ananyata au anajidai?"

Bingwa naye alikagua maandishi yanayopita chini ya picha, na hakuwa rahisi kuliko mwenzake. Mjomba alipoandika "muziki", Bingwa alichukua kalamu akauliza ni muziki gani, wa harusi au wa msiba. Mjomba alijikuna kichwa, akasikiliza upya, akaandika: "ngoma za furaha, zinazidi kukaribia."

Hatimaye siku ikafika. Ndege ilipaa, na mama alishika mikono ya kiti kana kwamba ndiye aliyekuwa akiinyanyua ndege. Redio alivaa hedifoni, akachukua rimoti, akabonyeza. Sauti tulivu ikamkaribisha na kuanza kumtajia filamu moja baada ya nyingine. Alizipita nyingine kwa makusudi, ili tu aonje raha ya kukataa. Kisha akachagua anayoitaka. Bingwa alichagua ileile, wakazianzisha kwa pamoja. Ilipofika sehemu ya mwizi aliyejificha ndani ya pipa la unga, msimulizi alieleza, maandishi yakapita, na wasichana wawili wakaangua kicheko kwa mpigo mmoja. Mama aligeuka kuwatazama, akasahau kabisa kuogopa.

Mzee mmoja, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee, alikuwa ameketi upande wa pili wa njia. Alisikia vicheko vyao akauliza wanatazama nini. Redio alimwamkia, akamwekea rimoti mkononi, lakini hakumbonyezea. Alimwongoza kidole tu, kitufe kwa kitufe, mpaka mzee akaipata mwenyewe mechi ya mpira iliyorekodiwa. Baadaye mhudumu alipopita na kumuuliza kama anahitaji msaada wa skrini, mzee aliinua kiganja kumnyamazisha.

"Subiri kwanza, mwanangu. Wanapiga penalti."

Abiria wote wa jirani walicheka. Mpira ulipoingia wavuni, mzee alipiga makofi peke yake, kisha wengine wakampigia yeye.

Mjomba aliyaona yote hayo kutoka kiti cha nyuma. Aliinama mbele, akamgusa Redio begani.

"Siku ile ukumbini nilitaka sifa, na wewe ukanipa ukweli," alisema. "Uliniuma, sikufichi. Lakini ungenisifu, mzee huyu angekaa safari nzima akisikiliza wenzake wakifurahi. Mtu akikwambia kazi yako ina kasoro, kisha akakunja mikono ya shati mkairekebishe pamoja, huyo usimwache. Huyo ndiye anayekutakia mema."

Redio alimtafsiria Bingwa maneno hayo kwa mikono, neno kwa neno, bila kutia chumvi hata chembe.