Ua la Bluu Juu ya Uso

Jumamosi ile mimi na dada yangu tulikaa mezani, tunatengeneza ukurasa wa albamu. Mimi na digrii yangu, kazi yangu kukata karatasi za maua. Sawa tu. Wenzangu wana wajomba maofisini, mimi nina mkasi.

Picha zilikuwa za Kidoti, binti wa shemeji kwa mke wake wa kwanza. Marehemu alikuwemo kwenye kila picha, kambeba mtoto. Ukimkata, unabaki na mikono.

"Mfunike," dada akasema.

"Sista, huyo ni mama yake. That's not okay."

"Namwogesha, namlisha, bado naitwa anti. Na wewe unayelalia kochi langu, bandika."

Nikabandika. Ua la bluu juu ya uso, picha baada ya picha. Ukurasa ulipendeza, siwezi kukataa.

Kidoti akaja, akautazama sana.

"Anti, mama hapumui humo."

"Mama ni mimi."

Mtoto alikuwa anafungua mdomo na kuufumba, kama samaki.

Tulidhani anatania. Kisha midomo ikaanza kugeuka rangi. Dada akampiga mgongoni, akamwinamisha. Kooni hamna kitu. Shemeji yuko kazini, jirani mwenye gari hapokei simu.

Nikauvamia ukurasa. Nikabandua ua la kwanza kwa kucha.

Lilitoka na joto. Limelowa. Kama kitu kilichotolewa mdomoni.

Mtoto akavuta pumzi. Moja.

Nikabandua. Akavuta. Nikabandua. Akavuta.

La mwisho likagoma. Dada akaninyang'anya, akakwangua mpaka kucha ikang'oka. Likaachia.

Kidoti akalia. Tukalia wote.

Ndipo nikaziona picha. Mtoto yumo kwenye zote, kainuliwa juu vilevile. Aliyembeba hayumo. Ukuta mtupu.

"Ni gundi," nikanong'ona. "Imekula wino."

Dada hakuniuliza ni gundi gani inayokula mtu, ikabakiza ukuta.

Mtoto akasinzia kifuani kwake. Hatukumwondolea macho, wala hakuingia mtu. Jua likiwa bado kali, akafumbua macho.

"Anti," akasema polepole, "mama anasema asante kwa kunishikia. Uniachie sasa."

Dada akazidi kumkumbatia. Kichwa cha mtoto kikageukia upande wangu.

Nywele zake, timtim tangu asubuhi, zilikuwa zimesukwa. Mistari ya twende kilioni, imebana mpaka ngozi ya uso imevutika. Dada hajui kusuka. Mimi ndiyo kabisa.

Mafuta kichwani yalikuwa bado mabichi.