Pacha wa Karatasi ya Ishirini na Tatu

Ko. Ko. Ko. Kidole kiligonga mbao upande wa pili wa mlango, polepole, kisha kikanyamaza. Inspekta, aliyekuwa akisubiri ukumbini, aliinua kichwa. Katika kazi yake alijifunza kwamba mtu aliyeishiwa maneno hugonga meza. Akasukuma mlango wa chumba cha kumbukumbu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Binti alikuwa ameketi mbele ya daftari kubwa la nyumba ya watoto, kidole juu ya meza.

"Ishirini na mbili," alisema. "Halafu ishirini na nne. Mimi niko wapi?"

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Wazazi wa ng'ambo walimchukua hapa akiwa hajatimiza mwaka, wakamlea kwa mapenzi, wakampa kila kitu isipokuwa jibu la swali moja, maana nao hawakuwa nalo. Kiswahili alikuwa amejifunza mwenyewe ukubwani. Hati waliyokabidhiwa ilisema tu: "Daftari la kupokea watoto, karatasi ya 23." Jina la mama yake mzazi liliandikwa hapo na si pengine. Kesho saa nane mchana angerudi ng'ambo.

Inspekta alikuwa amestaafu, lakini cheo kilimng'ang'ania kama kupe. Siku hizi aliwasaidia watu waliolelewa nchi za mbali kutafuta walikotoka. "Zamani nilitafuta wezi," hupenda kusema, "sasa natafuta akina mama. Wezi walikuwa rahisi."

Bibi Karani, mtunza kumbukumbu kwa miaka arobaini, aliingia na vikombe vya chai. Alipoona daftari limefunguliwa pale, alisimama na sinia lake mlangoni.

"Haipo? Jamani, mwezi uliopita niliiona kwa macho yangu haya mawili."

"Nani ameingia humu tangu hapo?"

"Mfagiaji ana ufunguo. Na yule wakili mzee alikuja Jumanne. Alionekana ana haraka."

Mfagiaji alihojiwa saa nne kamili, ukumbini, fagio mkononi.

"Ufunguo ninao, mama. Nina miaka miwili hapa, na madaftari hayo Bibi haniruhusu hata kuyapangusa. Anasema nina mkono wa mkulima."

"Na wewe ni mkulima?"

"Baba ndiye mkulima. Mimi nilikimbia jembe nikaangukia fagio."

Inspekta alicheka, lakini aliandika: *miaka miwili*.

Wakili alipatikana kwa simu saa nne na nusu. Yeye ndiye aliyetayarisha hati za watoto wa enzi hizo, na sahihi yake ilikuwa kwenye hati ya binti.

"Kama karatasi hiyo ina doa," Inspekta alimwambia, "doa ni lako pia."

"Ndiyo maana nilikuja. Binti aliniandikia. Kama nilitilia sahihi uongo, nataka nijue kabla sijaingia kaburini. Nikaambiwa daftari limepelekwa kushonwa upya."

"Au ulilikuta, ukakata ulichokata."

"Dada yangu, mimi mikono inatetemeka. Siwezi kukata hata kucha zangu."

Inspekta alirudi kwenye daftari, akalilaza chini ya dirisha. Uzi wake ulikuwa wa kahawia kwa uzee. Hakuna aliyelishona upya. Kisha akamwita binti.

"Tazama. Daftari hili ni mafungu. Karatasi kubwa tano zimekunjwa katikati, zimekuwa kumi, zimeshonwa kwenye mkunjo. Fungu hili ni la ishirini na moja hadi thelathini. Kwa hiyo kila karatasi ina pacha. Pacha wa ishirini na tatu ni yupi?"

Binti alihesabu kwa vidole, kimoja kutoka mwanzo, kingine kutoka mwisho. "Ishirini na nane."

"Na ukimkata mmoja kwenye mkunjo wenyewe?"

"Mwenzake anadondoka." Binti alifungua ya ishirini na nane, akaivuta kidogo. Haikutoka. Ilikuwa imeshikizwa kwa utepe mwembamba wa karatasi na gundi ya unga wa ngano, iliyogeuka manjano. Tundu la mdudu, jembamba kama sindano, lilipita katikati ya utepe ule likaingia karatasi ya ishirini na tisa, kingo zake zimeshajaa vumbi.

Inspekta alifunga daftari taratibu.

Saa sita kamili aliwakalisha mezani binti na Bibi Karani.

"Mfagiaji ana miaka miwili hapa," alianza. "Wakili alikuja Jumanne. Gundi hii ina miaka mingi, na mdudu ameila bila haraka. Basi karatasi haikuibwa mwezi huu, na hukuiona mwezi uliopita, Bibi. Wakili naye aliambiwa daftari limekwenda kushonwa. Nani mwingine angemwambia hivyo? Halafu, mwizi hukata akakimbia. Huyu alikata, akarudi kumshikiza pacha asipotee. Huyo ni mtu anayelipenda daftari."

Bibi Karani alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Mama yako alikuja na wewe mgongoni," alimwambia binti. "Mapafu yalikuwa yanamuua. Aliomba tukutunze mpaka atoke hospitali. Nikaandika hivyo, karatasi ya ishirini na tatu. Baadaye nilipewa kazi ya kunakili orodha ya watoto wasio na ndugu. Jicho likaruka mstari. Nikakunakili wewe."

Hakuna aliyenywa chai.

"Alipopona alirudi. Ulikuwa umeshapanda ndege wiki tatu kabla. Nilimwambia makaratasi yamepotea, kisha nikahakikisha yamepotea."

"Uliichoma?" binti aliuliza.

Bibi Karani alifungua droo ya chini kwa ufunguo wa shingoni, akatoa bahasha ngumu. Karatasi ilikuwa ndani, imenyooka, safi.

"Nilishindwa. Mama yako ni fundi cherehani. Kila mwaka mimi humpelekea vipimo vya sare za watoto wa hapa. Namwangalia akishona, narudi na aibu yangu."

Binti alisoma jina. Akalisoma tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Sijui kama nitakusamehe," alisema. "Lakini asante kwa kutoichoma. Na asante kwa zile sare. Hukumwacha peke yake." Akamgeukia Inspekta, akamshika mikono yote miwili. "Na wewe, shangazi, nikushukuru kwa lugha gani?"

"Kwa hii hii. Inatosha."

Bibi Karani alipiga namba ya fundi cherehani, akaungama kwa maneno machache yaliyokatikakatika, kisha akaweka simu mezani, sauti juu. Kwanza ilisikika cherehani ikienda. Ikasimama.

"Ni wewe?" mwanamke aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Pumzi nzito, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Umekula?"

"Bado."

"Tangu asubuhi? Hao wenzako wanakufanyia nini huko? Njoo ule."

Binti alisimama, akaushika ukingo wa meza.

"Nakuja sasa hivi, mama. Nakuahidi, leo sionji chochote mpaka nifike kwako."