Hotuba Isiyomtaja Sultani

Zama zile pwani yetu ilipokuwa na masultani wengi kuliko visima, mji wa Kipandeni ulikuwa chini ya Sultani wa Uvumba, aliyekaa mbali, mwendo wa siku tisa. Kila Ijumaa Khatibu Mwinyi Vuai alipanda mimbari akamwombea Sultani kwa jina. Mji ulioliacha jina hilo katika hotuba ulihesabiwa kuwa umemkana mtawala wake, na wa kwanza kukatwa kichwa alikuwa khatibu.

Mwaka mmoja maharamia waliuchoma mji mara tatu. Wazee walimwandikia Sultani barua saba wakiomba askari. Jibu lilikuja moja tu, likidai vijana arobaini wakajenge ukuta wa kasri. Hapo wazee wakamwomba Mwinyi Vuai aliache jina. Kifo alikiogopa, lakini kilichomkosesha raha zaidi ni kiapo alichokula zamani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sultani.

"Na yeye aliapa nini?" mkewe, Mwana Tatu, alimwuliza.

"Kutulinda."

"Basi mwenzio keshaachia mkono, bwana. Wewe umeshika nini?"

Ijumaa ilipofika, Liwali Athmani, mjumbe wa Sultani aliyekuja kuwachukua wale vijana, aliketi safu ya mbele na joho lake la hariri, jambia kiunoni. Mwinyi Vuai akawaombea wagonjwa, wasafiri, na watu wa Kipandeni pamoja na yeyote watakayemridhia awaongoze. Akaishia hapo. Liwali alivimba kwa hasira, lakini alikuwa mcha Mungu, na anayesema wakati wa hotuba huiharibu Ijumaa yake. Ikambidi ameze maneno, kisha asali nyuma ya mtu aliyemwasi bwana wake. Mimi nampenda Liwali huyu kwa hilo.

Sala ilipokwisha, akasimama, mkono kwenye jambia. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hawa," alijibu Mwinyi Vuai, akiwaonyesha watu nyuma ya Liwali. "Utii tuliutoa tupate ulinzi. Ulinzi haukuja, nasi tumeuchukua utii wetu."

Liwali akageuka. Msikiti mzima ulikuwa umesimama, hata wazee wa mikongojo. Mkono wake ukaondoka kwenye jambia.

"Na mtawala wenu sasa ni nani?"

"Bado, Bwana. Tutakaa tuzungumze baada ya chakula."

Liwali aliondoka bila vijana. Watu wa Kipandeni walijua majeshi huenda yakaja. Hata hivyo walikaa kuzungumza siku kumi na moja, wakagombana kila siku, na hakuna aliyefungwa kwa aliyoyasema.