Gari Lililoitikia Hodi

Gari liliitikia. Sikio aligonga madigadi ya mbele kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga kila gari bovu lililopita kwenye uwanja ule wa mnada, akatania kama kawaida yake, "Hodi wenyewe," na kutoka ndani ya bati lile lililokunjamana, kitu kikamgongea jibu.

Kwanza alicheka. Alikuwa mkadiriaji, kazi yake ilikuwa kuyapima magari ya michezo ya zamani yaliyopata ajali, yale ambayo matajiri huyanunua yakiwa maiti ili wayafufue, na kusema yana thamani gani kabla dalali hajayapigia nyundo. Jina la Sikio alipewa kwa sababu hakuhitaji vipimo. Bati la kiwandani hulia kama sufuria tupu. Palipozibwa kwa puti hapalii, panadunda tu. Bodi ya asili ni mali, ya viraka ni takataka, na mafundi wanajua kupaka rangi macho yakadanganyika. Sikio hakudanganyika, na alijisifu hivyo mpaka watu wakachoka naye.

"Panya," alimwambia dalali. Lakini gari lile jekundu halikuwa hata na viti, na humo ndani mlinuka ngozi iliyoungua.

Nyumbani alimkuta mkewe amesimama sebuleni, mwiko mkononi. Mwanamke huyu alikuwa bingwa wa kusahau funguo. Kila jioni alirudi akigonga mlango kwa pete yake ya ndoa, mara tatu upesi upesi kisha moja ya kuchelewa, na Sikio alizoea kumwacha asubiri kidogo, kwa utani tu, mpaka aanze kumtukana kwa mapenzi. Siku hiyo mke hakuwa na utani. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mgeni wako yuko wapi?"

"Mgeni gani?"

"Amepiga hodi, nikamwambia karibu. Nimefungua, sikuona mtu. Lakini mume wangu, kuna aliyeingia. Amenipita hapa hapa, nimesikia joto lake."

Tangu hapo nyumba haikuwa yao. Harufu ya ngozi iliyoungua ilihamia kabatini, kwenye mito, mpaka kwenye nywele za mke. Mchana kweupe kuta ziligongwa kwa ndani, na mlio huo ulimfuata mke peke yake, akiwa jikoni ukawa jikoni, akienda kuoga ukahamia bafuni, na akiketi alikandamiza sakafu kwa mguu wa kulia kama mtu anayetafuta breki, na ukimwuliza anafanya nini alikuwa hana habari kwamba anafanya chochote. Alikonda. Sikio alimpenda mkewe kuliko kitu chochote duniani, na sasa alimwona akimponyoka hivi hivi.

"Usiache nichukuliwe," mke alimnong'oneza jioni moja, amemshika mkono kwa nguvu. "Na nikigonga, nifungulie haraka. Siku hizi usinitanie."

Akamwahidi.

Mganga alikuwa bibi mpole, aliyekuja na chetezo na viatu vya raba. Alifukiza kila pembe, kisha akauliza jambo moja tu: nani alianza kupiga hodi? Sikio alikiri kwamba ni yeye. Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Basi huyu si mvamizi, mwanangu. Wewe ulibisha kwake akakuitikia. Naye amebisha kwako, mkeo akamkaribisha. Ataondoka gari lake likienda mbali. Ila siku ya kuliondoa usiitikie hodi yoyote, ya yeyote yule, mpaka lipotee machoni."

Kwa hiyo Sikio akafanya ambalo hakuwahi kulifanya. Madigadi yale yalikuwa puti tupu, aliyajua tangu siku ya kwanza. Lakini alithibitisha kwa jina lake kwamba bodi yote ni ya asili, ili gari linunuliwe haraka. Likanunuliwa na tajiri wa ng'ambo ambaye hakuja hata kulitazama.

Asubuhi ya kulipakia alimwacha mkewe amelala. Gari lilipokaa juu ya lori, hodi ikapigwa kutoka ndani ya buti.

"Sikio," dalali alisema taratibu, "humo mna mtu?"

"Panya," alijibu.

Lori likaanza kusogea, na ile hodi ikarudi, mara tatu upesi upesi kisha moja ya kuchelewa, na katika kila pigo kulikuwa na mlio mdogo wa pete juu ya bati, na Sikio akajiambia kwamba jini anajua kuigiza, kwamba mkewe amelala nyumbani, yeye mwenyewe ndiye aliyemfunika shuka, na akauma midomo akaificha mikono kwapani asije akainyoosha, huku lori likitoka getini na hodi ikizidi kasi, ikisihi, ikichanganyikiwa, mpaka vumbi likafunika kila kitu na pakawa kimya.

Nyumbani kulinukia chakula. Mkewe alikuwa anakoroga chungu, mashavu yamejaa, anaimba kidogo kidogo.

"Leo sikusahau funguo," alisema, akamwonyesha zilivyotundikwa msumarini.

Sikio alilia kwa furaha. Alimkumbatia kwa nyuma, na kwa mazoea tu ya miaka mingi, kifundo cha kidole chake kikagonga bega la mkewe. Lilidunda. Akagonga chini kidogo, kwenye mbavu, pakalia kama sufuria tupu. Ndipo akautazama mkono ulioshika mwiko, akaona hauna pete.

"Karibu," mwanamke alisema bila kugeuka.

Sikio akamwachia. Alikuwa anamfikiria mkewe kwenye giza la buti, njiani kwenda asikokujua, anagonga mara tatu kisha moja, na labda bado anadhani mumewe anamtania.