Boksi Jipya la Dawa ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Jicho alimpelekea mama yake kidonge kimoja na kikombe cha maji. Mama alikuwa ameugua saratani ya matiti. Alishafanyiwa upasuaji, na daktari alimwandikia kidonge hicho ameze kila siku ili ugonjwa usirudi.

Jicho lilikuwa jina la utani, na hakulipata bure. Baba yake aliuza vipuri vya pikipiki, na binti huyo wa miaka kumi na miwili aliwashinda mafundi wazima kwa kutambua kipuri feki. Alitazama boksi tu: rangi, maandishi, mhuri. Akisema, "Hii feki, baba," mzigo unarudishwa ulikotoka. Basi kichwa kikamvimba kidogo, si unajua tena.

Siku moja vidonge viliisha, na baba akarudi na boksi jeupe badala ya lile la buluu. Jicho akaligeuzageuza. Jina kubwa la juu halikuwa lile. Vidonge vya zamani vilikuwa vyeupe, na hivi vilikuwa vya njano.

"Baba, umepigwa," alisema. "Hii si orijino."

Baba akajitupa kitini. "Nimezunguka maduka yote ya dawa. Ile ya buluu haipo. Muuzaji kaniambia hii ni sawa na ile."

"Hata wauza feki husema hivyohivyo."

Maneno hayo baba alimfundisha yeye mwenyewe. Mama aliwatazama wote wawili, akarudisha kidonge ndani ya boksi. "Mwanangu hakosei," alisema. "Tungoje ile yenyewe."

Wakangoja. Baba aliulizia hadi mji wa pili, akarudi mikono mitupu. Mama alijikaza kucheka, lakini Jicho alimwona akipapasa kovu lake juu ya gauni, akitafuta uvimbe. Hofu ikamwingia. Mama akimeza kidonge kile, huenda ni sumu. Asipomeza, anakaa bila dawa. Darasani mwalimu aliongea na Jicho hakusikia kitu.

Mwishowe alishindwa kuvumilia. Alichukua boksi jipya na lile la zamani, akamshika mama mkono, wakaenda hospitali, kwenye dirisha la dawa. Mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alisema ni feki?" aliuliza.

"Mimi," Jicho alijibu.

Mfamasia akaweka maboksi pamoja, akakagua mhuri na namba ya usajili ya lile jipya. "Soma maandishi madogo chini ya jina kubwa."

Jicho akasoma. Jina la dawa lilikuwa lilelile, na miligramu zilezile.

"Jina kubwa ni la kampuni iliyoitengeneza kwanza," mfamasia alieleza. "Baadaye viwanda vingine vikaruhusiwa kuitengeneza. Rangi na boksi ni vyao, ila dawa inayotibu ni ileile, na hupimwa kabla ya kuuzwa. Hii ni nzima kabisa."

"Kumbe mimi ndiye niliyemnyima mama dawa."

Mama akamvuta karibu. "Mgonjwa ni mimi, na wa kuuliza nilikuwa mimi. Nilikutwisha mzigo wa watu wazima, mwanangu. Nisamehe."

"Dawa feki zipo, kwa hiyo hukukosea kuwa na shaka," mfamasia alisema. "Ulikosea kuifanya shaka yako kuwa jibu. Siku nyingine ilete hapa siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajaruka hata kidonge kimoja."

"Na vile vidonge alivyoruka, vitamdhuru?"

"Sijui, mwanangu. Daktari atamwangalia leo. Siku zilizopita siwezi kuzirudisha, wala asimeze viwili ili kufidia. Ameze kimoja, na kesho kimoja."

Akamimina maji. Mama akameza kidonge cha njano. Jicho alilitazama koo lake likipanda na kushuka, kisha akalia mbele ya foleni nzima bila kuona haya.